Amina Niliyoizuia

Mwita amekufa kitandani. Habari hiyo ilinikuta dukani kwangu hapa Tarime, nikibishana na mteja juu ya mbao za kenchi, na niliposikia lile neno "kitandani" nikacheka mbele ya kijana wa bodaboda aliyeniletea. Akaniangalia vibaya. Mama mzima anapewa taarifa ya msiba, anacheka! Lakini yeye hakumjua Mwita wa enzi zile za dhahabu. Mwita niliyemjua mimi alikuwa anashuka shimoni huku anaimba, na akifika chini anagombana na mwamba kana kwamba umemtukana mama yake. Sote tulijua kifo chake kitakuwa chini ya ardhi, tukawa tunasubiri tu kuambiwa ni lini. Halafu leo naambiwa amefariki mzee, tumbo limeshiba, wajukuu wamejaa chumbani. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikafunga duka na kumwambia yule kijana ageuze pikipiki twende Kemambo kuzika. Njia nzima upepo ulikuwa unanipiga usoni na mimi nauona mwaka ule mmoja, wote kwa pamoja, na moyo unanienda mbio kama wa msichana.

Nilitoka kwa nani na niliondoka kwetu kwa nini, hayo nayaacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya kupika kwenye duara la Marwa. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linashuka wima kama kisima, na juu yake kuna gogo la kuzungushia kamba inayoteremsha watu na kupandisha mawe. Mwaka ule rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ilikuwa imepamba moto. Ukisimama kilimani ulikuwa unaona mashamba ya mihogo yametobolewa kila upande, vumbi, moshi, nyundo, nyimbo, matusi, redio! Watu walitoka Musoma, walitoka Mugumu, wengine walivuka Sirari na Kiswahili chao cha Kenya, wakifika kwangu wanauliza, "Madam, chakula iko?" Jiko langu lilikuwa kibanda cha udongo chenye bati moja na nusu, mafiga matatu, na dirisha dogo lililotazama moja kwa moja mdomo wa duara. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo na mtama mpaka mabega yanawaka, na dagaa wa Musoma kwa mchana, na siku mawe yakija vizuri wanachinja mbuzi na mimi natengeneza kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo ambao mtu wa huku akiukosa kwenye nyama choma anaona amedhulumiwa. Mungu wangu, nilikuwa na furaha! Nasema Mungu wangu kwa mazoea tu. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa kanisani, nimepiga magoti, katikati ya sala niliyoijua toka utotoni, na ghafla nikasikia kimya. Hakikuwa kimya cha kutisha, kilikuwa kimya cha nyumba ambayo wenyewe hawapo. Nikajiambia, Bhoke, hapa unaongea peke yako. Nilitegemea nitaogopa, nitalia, nitaungua. Badala yake nikasikia njaa, nikaenda kula viazi, nikala vingi sana, na dunia ikaonekana kubwa na yangu kuliko jana yake. Ila nilijua pia kwamba jambo hilo halisemeki. Kwenye machimbo ndiyo kabisa. Mchimbaji anaweza kukusamehe ulevi, wizi mdogo, hata kumtukana, lakini ukimwambia huna Mungu anakuona mchawi papo hapo, na siku udongo ukimwangukia mtu watakuja kukutafuta wewe. Kwa hiyo nikiulizwa nasali wapi nilikuwa nasema, "Kwetu nyumbani," halafu nauliza nani hajapata mboga. Kwenye sala ya chakula nilikuwa nainamisha kichwa kama wengine. Macho tu ndiyo yalinishinda kufumba.

Sasa, duara la Marwa lilikuwa na ugonjwa wake. Marwa mwenyewe, mwenye duara, alikuwa mwanamume mrefu wa maneno machache, na kila asubuhi kabla ya kushuka alitaka pasaliwe, kwa sababu bila sala vijana walikataa kugusa kamba. Lakini asali nani? Dirishani kwangu nilikuwa nawasikia. Kulikuwa na Msabato ambaye alisema sala ya Mkatoliki inarudia maneno, Mkatoliki akasema ya mlokole ni makelele, mlokole akasema hao wote wawili hawajaokoka. Fundi Juma, aliyetengeneza lile gogo la kamba, mtu wa Mugumu na Mwislamu safi, alikuwa ameketi pembeni anasema, "Mkimaliza kugombana mniambie nizungushe." Ijumaa Juma hayupo, Jumamosi Msabato hayupo, Jumapili wamepotea wote. "Mura, hii wiki yenu ina siku ngapi?" Marwa alifoka asubuhi moja, kwa lile neno letu la kumwitia kijana. Akageuka, akanyoosha kidole dirishani kwangu. "Atasali mpishi. Yeye hana upande."

Hana upande! Nilidondosha mwiko kwenye majivu. Mwita akapiga makofi, akasema, "Safi! Dada Bhoke hajulikani anasali wapi, basi atatusalia sote." Na wote wakakubali, wale watu ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Ukiniuliza nani ana bahati ya namna hii chini ya jua, kwamba mtu pekee asiye na Mungu kambi nzima ndiye anafanywa kuhani, nitakuambia ni mimi tu.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye mdomo wa duara, mikono ina unga. Wakavua kofia, wakafumba macho. Marwa akaja kusimama nyuma yangu, na ikawa ndiyo desturi yake mwaka mzima, nami nikadhani ni heshima. Nikafungua mdomo. "Ee Mungu wetu," nikasema, nikakwama. Nikatazama huku na huku kutafuta la kusema, na macho yakaangukia kamba. Chini kidogo ya gogo ilikuwa imelika mpaka nyuzi zinasimama. Neno likatoka lenyewe. "Unaiona kamba hii, hapa karibu na gogo, ilivyolika. Unajua uzito wa Mwita. Isimkatikie. Uwashushe na uwarudishe salama, amina." Wakasema amina, Juma naye akasema yake, kisha wote wakafumbua macho na kuitazama kamba. Juma akaishika, akaipapasa, akatikisa kichwa. "Lahaula," akasema, "ameonyeshwa huyu." Kamba ikabadilishwa. Mwita akaniangalia kwa macho makubwa kama ya mtoto, na nilirudi jikoni nikitetemeka, siyo kwa hofu. Nilitetemeka kwa raha. Wewe, kusikilizwa! Mwanamke wa miaka kumi na tisa, mpishi, anasema neno moja na wanaume wazima wanabadilisha kamba.

Toka siku hiyo nikawa naamka mapema kuliko inavyotakiwa kwa uji. Nikawa nazunguka duara lote kabla hawajaja, nainama, nachungulia. Nilijifunza matimba, yale magogo yanayopangwa kuzuia udongo wa kuta za shimo. Nilimuuliza Juma mti upi unaoza upesi na upi unavumilia, na yeye akanieleza huku anakula, anafurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Halafu kwenye sala naviweka vyote. "Ee Mungu, litazame timba la kona hii, limelegea. Ikumbuke ndoo hii, mpini wake una ufa." Sala zangu zikawa ndefu, na kila kilichotajwa kilitengenezwa kabla mtu hajashuka. Watu wa maduara ya jirani wakaanza kusema, "Kwa Marwa kuna binti anaonyeshwa." Watu wakawa wanakuja jikoni kuomba niwaombee mgongo, ndoa, ng'ombe aliyepotea. Nilikuwa nawapa uji. Nilikuwa najua nacheza na moto, maana siku udongo ukiwaangukia baada ya amina yangu, damu hiyo itakuwa mikononi mwangu, wala hakuna wa juu wa kumsukumia. Wengine wakisali wanamwachia Mungu mzigo. Mimi nilikuwa naamka nao na kulala nao. Na bado, nikisikia nyundo ya Mwita inagonga kule chini na yeye anaimba, nilikuwa nafurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa kanisani.

Mvua za masika zikaja, na zilipokuja ndipo jiwe lilipotoka. Mwita alipandishwa mchana anapiga kelele toka shimoni, amekumbatia jiwe kifuani, na dhahabu inaonekana kwa macho, imejichora kwenye jiwe kama mshipa wa mkononi. Kambi ikapagawa! Wakacheza, wakagaragara kwenye matope, mbuzi wawili wakachinjwa, nikakoroga kichuri nikicheza na mimi. Lakini Mwita hakula hata kipande. "Wale wa duara la jirani wamekaribia," akasema. "Ukiweka sikio kwenye mwamba unasikia nyundo zao. Kesho tukichelewa watakuwa wametufikia, mshipa wote wanaubeba wao." Na kweli, sheria ya machimbo ilikuwa hiyo, anayewahi ndiye mwenyewe.

Kesho yake niliamka nikaenda duarani, nikainama kuchungulia. Ufa mwembamba ulikuwa umetoka kwenye mguu wa gogo la kamba mpaka mdomo wa shimo. Timba la pili toka juu, ambalo siku zote lilikuwa kavu, lilikuwa linatoka jasho, na nyuma yake udongo unadondoka kidogo kidogo kama unga kwenye chekeche. Nilikuwa bado nimeinama walipofika, wamechangamka, wanasukumana nani atangulie. Mwita alikuwa ameshapitisha mguu kwenye kitanzi cha kamba. "Sali fupi leo, dada," akasema. "Mungu anajua tuna haraka." Wakafumba macho. Nikasali. Nilipofika kwenye "uwarudishe salama," amina ikanikatalia kooni.

Wakasubiri. Nyundo za jirani zilikuwa zinasikika kwa mbali.

"Amina," akasema Mwita mwenyewe.

"Yako haihesabiki," akasema Juma, macho bado ameyafumba. "Mpaka aseme yeye."

"Msishuke," nikasema.

Mwita akafumbua macho. "Umeonyeshwa?"

Hapo nikasema ukweli. Sijui kilinipata nini, labda nilichoka kusemewa. "Nimeona mwenyewe. Huu hapa ufa. Timba la pili linatoka jasho. Njooni mtazame." Wakaja, wakainama, wakatazama. Mwita akacheka. "Huu? Ardhi imekunywa maji, basi. Hata kisigino changu kina nyufa, mbona natembea?" Wote wakacheka naye, na niliona wakiniponyoka, mmoja mmoja. "Kwa hiyo Mungu hajasema kitu," akauliza, "ni wewe tu?" Nikasema, "Ni mimi tu." "Basi toa amina tushuke, mpishi wetu. Wewe ya kwako ni ugali." Nilihisi uso unawaka. Macho yaleyale, kichwa kilekile, kamba ileile iliyobadilishwa kwa neno langu! Kumbe neno langu lilikuwa halina thamani mpaka liwe limetoka kwa mwingine, na huyo mwingine ndiye mimi nilijua hayupo.

Ndipo Marwa akasema, nyuma yangu, polepole sana, "Bhoke. Fikiri vizuri kabla hujajibu. Umeonyeshwa, au hukuonyeshwa?"

Nilimchukia kwa swali hilo. Niliona ananisukuma nitamke kwa mara ya pili kwamba ni mawazo yangu, ili vijana wake washuke kwenye dhahabu yake. Nikamtazama Mwita, mguu kwenye kitanzi, meno nje, ana miaka ishirini na kidogo. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Nimeonyeshwa. Nimeonyeshwa timba la pili limevunjika, na Mwita yuko chini yake." Hakuna aliyecheka tena. Mwita akautoa mguu wake kwenye kamba taratibu, kama mtu anayeutoa kwenye maji yenye mamba.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu, jamani. Walikaa kwenye magunia wakisikiliza nyundo za jirani, wananitazama kwa pembe ya jicho, na mimi jikoni nasonga ugali ambao hakuna aliyekuwa na hamu nao. Nikawa nasikia dirishani, "Akikosea huyu, mshipa umekwenda." "Akikosea ataondoka kwa miguu yake au tutamwondoa." Niliwaza, na lisipovunjika? Na kama kweli ni maji tu? Baada ya chakula Marwa akasimama, akasema litolewe lile timba, tuone. Juma akalifunga kamba kutokea juu, wakavuta watu wanne. Likasogea kidogo, kisha likakatika katikati kama muhogo uliochemka, ndani jeusi lote, limeoza. Na ukuta uliokuwa nyuma yake ukafuata. Tulisikia ukienda, ukienda, kisha kishindo kule chini kabisa, mahali hasa ambapo Mwita angekuwa amechuchumaa na nyundo yake.

Mwita akaanguka magotini. Wote wakaanguka, Msabato, Mkatoliki na mlokole bega kwa bega, Juma akasujudu kwenye matope yaleyale. "Mungu ni mwema!" Mwita akalia, machozi yanamtiririka. "Mungu ameniona!" Na mimi nimesimama pale, nimefurahi mpaka nataka kuruka, na wakati huohuo nina hasira ya kupasuka. Ni mimi! Nilitaka kupiga kelele, ni mimi niliyekuona, mura, ni macho yangu haya mawili! Nikainama nikamshika bega, nikasema, "Inuka, ugali unapoa." Matimba mapya yakawekwa, wakashuka, mshipa tukagawana na jirani baada ya ngumi kidogo. Hakuna aliyekuwa tajiri, lakini hakuna aliyezikwa. Mwaka ulipokwisha kila mtu alishika njia yake, na mimi na fungu langu nikaja Tarime kuuza mbao na magogo, kazi pekee ambayo Mungu alinifundisha, wangesema wao. Siri yangu nilikuja nayo. Nimeolewa nayo, nimebatiza watoto nayo, nimeimba kwenye misiba nayo. Sikuwahi kumwambia mtu, na nikiwa mkweli, upweke wake ulikuwa unaniuma kuliko hofu yake.

Kemambo nilimkuta Marwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kaburi, mzee sana sasa, mikono miwili juu ya fimbo. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bhoke. Bado unaonyeshwa?"

Akatabasamu, na sijui kama ni umri au ni Mwita aliyelala pale kwenye jeneza, nikaona imetosha. Nikavuta kiti karibu naye. "Mzee, nikuambie jambo. Sikuwahi kuonyeshwa kitu. Hata siku moja. Wala sikuwa nasali kwa mtu."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nyuma yako. Kichwa chako kilikuwa kinageuka, mara kwenye kamba, mara kwenye matimba, mara kwenye miguu ya gogo. Kichwa cha mtu aliyefumba macho hakizunguki hivyo."

Kisha ikaniingia. "Na wewe uliwezaje kuniona, kama ulikuwa umefumba…"

Akaanza kucheka, mpaka akakohoa, mpaka binti mmoja akaleta maji. "Sijafumba macho toka nikiwa kijana mdogo," akasema alipopata pumzi. "Nilidhani mtu wa namna yangu niko peke yangu huku kwetu. Siku ya kwanza uliyopika, yule mlokole aliombea chakula mpaka kikapoa. Wote wamefumba macho. Wewe ulikuwa unamtoa nzi kwenye mboga. Nikasema, huyu ndiye."

"Uliwaambia sina upande!"

"Niwaambie nini? Kwamba nataka anayetazama?"

"Na ule ufa? Uliuona?"

"Niliuona kabla yako. Ningesema mimi msishuke, wangesema Marwa anawaondoa kwenye mshipa ili achimbe na ndugu zake. Wangechukua mapanga. Bosi hawezi kumzuia mtu asiende kwenye dhahabu, Bhoke. Ndiyo maana nilikuuliza mara ya pili. Niliogopa hutanielewa."

Miaka yote hiyo! Nilikuwa nimembeba mtu yule moyoni kama mtu mgumu, mwenye tamaa, kumbe kila asubuhi ya mwaka ule tulikuwa wawili. Nilimshika mkono nikaukaza.

Mchungaji akatuita kaburini. Tukasimama ukingoni, mimi na Marwa, waombolezaji wamejaa mpaka kwenye migomba. "Tufumbe macho tuombe," akasema, na umati wote ukafumba. Nikainamisha kichwa, nikageuka kumtazama Marwa, naye alikuwa ananitazama. Kisha tukatazama chini, kwa pamoja, kwa mazoea. Mvua ilikuwa imenyesha. Ukingo wa upande wa pili ulikuwa umelainika, unameguka polepole chini ya miguu ya vijana wawili wa kubeba jeneza, wajukuu wa Mwita, nyuso zao zimeelekea juu na macho wameyakaza kufumba. Tukazunguka taratibu. Marwa akamgusa mmoja mguuni kwa fimbo, mimi nikamvuta mwingine kwa nyuma ya shati, wakarudi hatua mbili bila kufumbua macho. Bonge la udongo likadondoka pale walipokuwa wamesimama, na hakuna aliyelisikia isipokuwa sisi.

Mchungaji akamaliza. "Amina," wakasema watu wote.

Nikautazama ukingo kwa mara nyingine, nikaona umetulia. Ndipo nikasema na mimi amina.